Kununua nyumba kisiwani: usalama wa mtaa, uimara wa kuta na swali la ardhi

Matangazo ya nyumba zinazouzwa kisiwani Mombasa huwa mafupi: ghorofa mbili, vyumba vinne, karibu na barabara, bei ya maelewano. Hayasemi maji ya mfereji hutoka siku gani. Hayasemi kichochoro kinakuwaje saa nne usiku, wala kama ardhi iliyo chini ya nyumba inauzwa pamoja na nyumba yenyewe. Mambo hayo ndiyo yanayoamua kama mnunuzi atapata makao au atapata kesi.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi anavyoweza kupima usalama wa mtaa na thamani ya nyumba kabla ya kutoa pesa, hasa katika Mji wa Kale na mitaa mingine ya kisiwa kama vile Makadara, Bondeni, Majengo, Kizingo, Ganjoni na Tudor. Kisiwa kizima kina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 14 tu, lakini mtu akivuka Digo Road penye Marikiti anaweza kutoka kwenye aina moja ya ujenzi, huduma na umiliki na kuingia kwenye nyingine kabisa. Ndiyo sababu bei ya nyumba ya jirani wa mtaa wa pili haitoshi kuwa kipimo.

Mtaa hupimwa kwa miguu

Wanunuzi wengi huiona nyumba mara moja tu, asubuhi, wakiwa wamefuatana na dalali. Asubuhi kila mtaa wa Mombasa ni mzuri. Mnunuzi anashauriwa kurudi peke yake au na mtu wa nyumbani kwake angalau mara nne: siku ya kazi baada ya swala ya Isha, Ijumaa adhuhuri, wakati njia zilizo karibu na misikiti hujaa watu na magari, Jumapili mchana, maduka mengi yakiwa yamefungwa, na siku ya mvua kubwa. Mvua ya Mei humwonyesha mnunuzi kwa saa moja mambo ambayo muuzaji hatayataja hata akiulizwa.

Usiku, jambo la kuangalia ni nani waliopo njiani. Mtaa ambao wanawake wanapita wawili wawili bila kuharakisha, watoto wanarudi kutoka madrasa, muuza kahawa ana dele lake pembeni na mzee mmoja wawili wamekaa barazani, una walinzi wasiolipwa. Mwandishi wa Marekani Jane Jacobs alieleza mwaka 1961 kwamba barabara za mji hulindwa kwanza na macho ya wakazi wenyewe, kabla ya polisi. Waliojenga nyumba za Mji wa Kale zenye baraza mlangoni na roshani juu ya njia walikuwa wamelijua hilo zamani.

Kwa sababu hiyo, kichochoro chembamba cha Kibokoni chenye watu hadi saa tano kinaweza kuwa salama zaidi kuliko barabara pana na tulivu yenye kuta ndefu pande zote mbili. Penye kuta ndefu hakuna anayeona, na mlinzi mmoja wa geti hulinda geti lake. Hili halina maana kwamba Kizingo au Tudor si salama. Maana yake ni kwamba huko mnunuzi atalipia ulinzi kwa pesa, na gharama hiyo iwekwe katika hesabu ya bei tangu mwanzo.

Zipo dalili za upande wa pili pia. Duka linalouza kupitia vyuma mchana kutwa, vyuma vipya vilivyofungwa madirisha ya chini ya nyumba tatu nne zinazofuatana, taa za barabarani zilizozimwa au kuvunjwa sehemu moja tu ya njia, na gofu lisilo na mlango linaloingiwa na kutokwa: kila moja ina hadithi yake, na hadithi hiyo iulizwe. Magofu yastahili uangalifu zaidi. Mji wa Kale una nyumba zilizoachwa kwa sababu warithi hawajaelewana au wako ng'ambo, na gofu likikosa mwangalizi huwa maficho ya wavuta unga na hatari kwa ukuta wa jirani kwa wakati mmoja. Kundi la vijana waliokaa barazani, kwa upande mwingine, peke yake si dalili ya lolote. Vijana wa Mombasa hukaa barazani.

Namna ya kuuliza nayo ina maana. Mgeni akiuliza, "Hapa pana usalama?" atajibiwa, "Alhamdulillahi, hapa salama," kwa sababu hakuna anayemchafulia mwenzake mtaa mbele ya mgeni. Mnunuzi amtolee salamu mama wa kibanda cha viazi au mzee wa barazani, akae kidogo, kisha aulize jambo mahususi: mara ya mwisho mtu kunyang'anywa simu hapa ilikuwa lini? Binti akitoka kazini saa tatu usiku hupita njia gani? Bodaboda hukubali kuingia ndani usiku au humwacha mteja barabarani? Jibu la bodaboda huwa la kuaminika kuliko mengi, maana yeye huhatarisha pikipiki yake.

Baada ya hapo aende kwa mzee wa mtaa, kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi na kwa chifu. Mpango wa Nyumba Kumi ulianzishwa mwaka 2013, na ubora wake hutofautiana sana kutoka mtaa hadi mtaa. Mahali ambapo mwenyekiti anajulikana kwa jina na kila mtu ana nambari yake, matatizo madogo humalizwa kabla hayajafika kituoni. Kituo cha polisi cha eneo, kiwe Central au Makupa, hakitatoa orodha ya kesi, lakini ofisa anaweza kusema ni malalamiko ya aina gani huletwa zaidi kutoka eneo hilo: wizi wa simu, uvunjaji wa nyumba usiku, au ugomvi wa mipaka.

Mnunuzi ajihadhari pia na sifa mbaya za jumla. Vikundi vya vijana wenye mapanga vimewahi kutisha mitaa kadhaa ya Mombasa, na kila mara jina la mtaa mzima hubaki na doa muda mrefu baada ya hali kutulia. Madalali huitumia sifa hiyo kwa pande zote mbili: humtisha muuzaji apunguze bei, halafu humhakikishia mnunuzi kwamba mambo yamekwisha. Kupima usalama kwa dini, kabila au mavazi ya majirani ni ubaguzi, na zaidi ya hapo ni kipimo kibovu. Hakimwambii mnunuzi taa zinawaka au haziwaki.

Jambo moja la usalama husahaulika karibu kila mara, nalo ni moto. Gari la zimamoto haliwezi kuingia katika vichochoro vingi vya Mji wa Kale. Mnunuzi apime kwa hatua umbali wa kutoka mlangoni hadi mahali ambapo gari kubwa linaweza kusimama, atazame nyaya za umeme zinavyopita kutoka nyumba hadi nyumba, na ahakikishe kwamba nyumba ina mita yake yenyewe. Nyumba inayopata umeme kwa waya wa jirani ina madeni yasiyojulikana na hatari inayojulikana vizuri.

Maji, shimo na boriti

Mombasa haina chanzo kikubwa cha maji ndani ya mipaka yake. Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima katika kaunti ya Taita Taveta, Baricho kando ya mto Sabaki katika kaunti ya Kilifi, na Marere na Tiwi katika kaunti ya Kwale. Ndiyo maana maji hugawanywa kwa zamu, na visima vingi vya kisiwani huwa na chumvi. Mnunuzi aulize majirani wawili tofauti maji hutoka siku gani na kwa saa ngapi, na familia hununua mitungi mingapi ya mkokoteni kwa wiki. Ombi la kuona bili za maji za miezi sita ni la haki, na muuzaji mwenye nia njema hatalikataa.

Kisha aangalie tangi limewekwa wapi. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Juu ya paa la zege lililojengwa vizuri hilo si tatizo. Juu ya sakafu ya boriti na chokaa iliyomwagwa miaka mingi iliyopita, ni jambo la kumwita fundi kabla ya kuzungumza bei.

Maji machafu yapelelezwe vivyo hivyo. Nyumba nyingi za Mji wa Kale hutegemea shimo, na mara nyingine shimo moja hutumiwa na nyumba mbili. Ni lazima kujua liko wapi, ni la nani, lilinyonywa lini, na bomba la lori la kunyonya litafika vipi.

Nyumba za zamani za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa na unene wa karibu nusu mita, na sakafu zake zikibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita 3. Kwa hiyo mnunuzi akikuta chumba kipana mno katika nyumba ya zamani, aulize ukuta uliokuwa katikati ulikwenda wapi na nini sasa kinabeba ghorofa ya juu.

Boriti huoza kuanzia ncha zilizozama ukutani, mahali pasipoonekana. Fundi mzoefu huzigonga na kusikiliza. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa nayo ni dalili ya kuulizia: huonekana safi siku ya kuuza, lakini huzuia ukuta kupumua, unyevu na chumvi hujikusanya ndani, na baada ya misimu michache plasta huanza kubanduka pamoja na jiwe. Rangi mpya iliyoishia kimo cha kiuno mara nyingi inaficha unyevu unaopanda kutoka chini.

Kwa kuwa nyumba hizi hushikana, ukuta mmoja huweza kuwa wa watu wawili. Mnunuzi atazame nyumba za pande zote, sio ile inayouzwa tu. Jirani aliyeongeza ghorofa juu ya kuta za matumbawe, au anayechimba msingi wa jengo jipya hatua moja kutoka ukutani, anaweza kuiharibu nyumba ambayo yenyewe haina kosa. Mkazi ana haki ya kuuliza katika ofisi ya kaunti inayosimamia mipango ya miji kama ujenzi wa jirani umeidhinishwa.

Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa kama urithi wa taifa, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale karibu na Fort Jesus. Anayenunua nyumba huko kwa nia ya kubomoa na kusimamisha jengo la vyumba vya kupangisha anapaswa kwenda kuuliza katika ofisi hiyo na kwa kaunti kabla ya kununua. Roshani za mbao, milango ya nakshi na sura ya nyumba upande wa njia si vitu vya kuondolewa kwa hiari ya mwenye nyumba. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa hasara. Kwa anayetaka kuishi hapo ni faida, kwani ndilo linalozuia jirani kumfungia mwanga na upepo.

Nyumba bila ardhi

Hili ndilo jambo linalowaumiza wanunuzi wengi, na ndilo linaloeleza kwa nini nyumba mbili zinazofanana, katika njia moja, zinaweza kutofautiana bei mara kadhaa.

Mombasa ina utaratibu wa zamani ambao nyumba ni ya mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine. Ulienea tangu mapema karne ya 20, wafanyakazi wa bandari na wa reli walipohitaji mahali pa kujenga karibu na kazi. Wenye ardhi waliwakodisha viwanja, wao wakajenga nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kila mwezi au mwaka wakalipia kiwanja. Majengo ilikua hivyo, na mitaa mingine pia kisiwani na bara. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilikuwa imewataka wakazi wa pwani kudai ardhi zao kwa maandishi, na waliokosa kufanya hivyo walijikuta ardhi yao imehesabiwa kuwa ya serikali. Matokeo ya yote hayo ni kwamba familia inaweza kuwa imekaa nyumba moja vizazi vitatu, majirani wote wakiijua kuwa ni nyumba yao, na bado jina lililo katika sajili ya ardhi likawa la mtu mwingine.

Nyumba ya aina hii huuzwa kihalali na watu wengi huishi humo kwa amani. Lakini kinachouzwa ni kuta, paa na mazoea ya kulipia kiwanja. Mnunuzi hapati hati miliki. Benki haitaichukua kuwa dhamana ya mkopo. Mwenye ardhi anaweza kupandisha kodi ya kiwanja, kukataa ujenzi wa kudumu, au kuuza ardhi kwa mtu atakayetaka wote wahame. Kwa hiyo bei yake lazima iwe chini sana kuliko ya nyumba yenye ardhi, na mnunuzi asikubali kulinganisha hizo mbili hata kama vigae na milango vinafanana.

Maswali ya kuuliza ni haya: ardhi ni ya nani, kwa jina lililo katika sajili? Kodi ya kiwanja ni kiasi gani, hulipwa kwa nani, na risiti ziko wapi? Mwenye ardhi anajua kwamba nyumba inauzwa, na yuko tayari kuandika kwamba anamkubali mnunuzi mpya? Dalali akisema, "Hilo usijali, hapa watu wote wanaishi hivi," atakuwa amesema kweli na hajajibu swali.

Karatasi na watu walio nyuma yake

Hata penye hati, kazi haijaisha. Hatua ya kwanza ni kufanya sachi, yaani kupekua rasmi sajili ya ardhi ili kuona jina la mmiliki, aina ya umiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Viwanja vya kisiwani vimepangwa kwa bloku zenye nambari za Kirumi, na kosa la tarakimu moja tu humpeleka mtu kwenye kiwanja kingine. Nambari ya hati ilinganishwe na ramani, na mpima ardhi aliyesajiliwa aonyeshe mipaka mahali penyewe.

Iwapo umiliki ni wa kukodishiwa na serikali kwa muda maalumu, mnunuzi ahesabu miaka iliyobaki. Mkataba wa miaka 99 ulioanza mwaka 1935 unakwisha mwaka 2034. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa raia aliyekuwa akimiliki nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena, ikiwa ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma, lakini nafasi ya kwanza si ahadi. Nyumba yenye miaka michache iliyobaki haiwezi kuwa na bei sawa na yenye miaka 70.

Hati yenyewe nayo huulizwa asili yake. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja kilicho kando ya bahari huko Nyali. Kampuni ilikuwa na hati na ilikuwa imenunua kutoka kwa mmiliki aliyeitangulia. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwenda ufuoni. Mahakama ilisema ardhi hiyo ilikuwa ya umma, kwamba ugawaji wa kwanza wa mwaka 1989 haukufuata sheria, na kwamba kosa hilo liliifuata hati hadi kwa mnunuzi wa mwisho. Kifungu cha 40 cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Kiwanja kilikuwa Nyali, lakini funzo lake linahusu kisiwa vilevile. Nyumba iliyosogea juu ya njia ya watembea kwa miguu, iliyofunga kichochoro au iliyokula sehemu ya uwanja wa wazi ichunguzwe tangu ilipotolewa mara ya kwanza. Wazee wa mtaa hukumbuka njia ilikopita, na kumbukumbu hiyo ni ya kuthaminiwa.

Baada ya asili ya hati, wanafuata warithi. Nyumba nyingi za Mji wa Kale bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Kwa familia za Kiislamu mirathi huamuliwa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama za Kadhi zimepewa mamlaka hayo na Kifungu cha 170 cha Katiba, pale pande zote zinapokuwa za Waislamu na kukubali kusikizwa huko. Mnunuzi aone amri ya mahakama inayotaja kila mrithi na fungu lake. Mabinti wana mafungu yao, na wao ndio huachwa nje ya mazungumzo mara nyingi. Kaka mkubwa anayesema, "Dada zangu wako Muscat, wameniachia mimi," aombwe kwa adabu hati ya uwakala iliyosajiliwa. Akiwa ni mkweli hatakasirika. Ikiwa nyumba ni makao ya mume na mke, idhini ya maandishi ya mwenzi wake nayo inahitajika.

Wakfu ni jambo jingine. Sehemu ya ardhi na nyumba za kisiwani ziliwekwa wakfu kwa misikiti, kwa mambo ya heri au kwa vizazi vya familia. Mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya mtu binafsi. Tume ya Wakfu ya Kenya, yenye ofisi Mombasa, ndiyo ya kuulizwa, na mnunuzi asitegemee neno la imamu au la jirani peke yake.

Mwisho wa watu hao ni wapangaji. Nyumba ikinunuliwa na watu ndani, hununuliwa pamoja nao. Mpangaji wa nyumba ya kuishi ambayo kodi yake rasmi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi analindwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na hawezi kutolewa wala kupandishiwa kodi kwa amri ya mwenye nyumba peke yake. Maduka ya chini, ambayo Mji wa Kale unayo mengi, yana ulinzi mkubwa zaidi: mwenye duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka 5, ni lazima apewe ilani rasmi ya angalau miezi miwili, na anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Wengine walilipa kilemba, au gudwili kama wafanyabiashara wanavyosema, kwa mwenye nyumba wa zamani, na watataka mpya akitambue. Muuzaji anayeahidi kwamba "wote watakuwa wametoka mwisho wa mwezi" aandike ahadi hiyo ndani ya mkataba, na pesa zisikamilike hadi iwe kweli.

Hesabu ya bei

Baada ya yote hayo ndipo bei ina maana. Mthamini aliyesajiliwa hulipwa ada, na ada hiyo ni ndogo kuliko kosa. Lakini mnunuzi anaweza kuanza na hesabu ya nyumbani. Kwa mfano, nyumba inauzwa shilingi milioni 8 na ingepangishwa yote kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 480,000 kwa mwaka, sawa na asilimia 6 ya bei, kabla ya ukarabati, kodi na miezi ambayo chumba hukaa kitupu. Itachukua zaidi ya miaka 16 kodi hizo kufikia bei. Kama boriti za ghorofa zinahitaji kubadilishwa, au maji hununuliwa kwa mkokoteni kila siku, tofauti hiyo iondolewe kwenye bei inayotajwa.

Juu ya bei kuna ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa ardhi ya mjini, unaohesabiwa kwa thamani iliyokubaliwa na mthamini wa serikali. Kwa nyumba ya milioni 8 ni shilingi 320,000, nao hulipwa na mnunuzi. Kodi ya asilimia 15 ya faida ya mauzo, kiwango kilichoanza Januari 2023, ni ya muuzaji. Wauzaji wengine hujaribu kuihamisha, au hupendekeza bei ndogo iandikwe kwenye mkataba na nyingine ilipwe mkononi. Mnunuzi akikubali, siku mzozo utakapozuka mahakama itaona ile bei iliyoandikwa tu.

Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote mbili, na saini zishuhudiwe. Malipo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, yashikwe na mawakili. Yasipewe dalali, hata akiwa mtu wa mtaa na anajulikana na wote. Kabla ya uhamisho, muuzaji alete cheti cha kaunti kinachoonyesha kwamba hakuna kodi ya ardhi inayodaiwa, kwa kuwa deni hilo hufuata kiwanja hata mwenyewe akibadilika, pamoja na cheti cha kodi ya serikali kuu ikiwa ardhi ni ya kukodishwa.

Siku ya kukabidhiana funguo, mnunuzi na muuzaji wasome mita ya umeme na ya maji pamoja na kuandika nambari zake, wahamishe akaunti zote mbili, na kila mpangaji apewe barua inayomweleza kuanzia tarehe gani na kwa nani atalipa kodi. Wapangaji watie saini kwamba wameipokea.